Adapta ya Padi Mbili

Wenye kuandika habari za mitaa ya Mashariki ya Nairobi aghalabu huandika juu ya jaa la Dandora na moshi wake, juu ya uhalifu, na juu ya vijana wa kundi la Kalamashaka waliotia maisha ya mtaa katika muziki wa kufoka hata yakasikika mbali. Na yote hayo ni kweli, wala sina nia ya kuyakanusha. Lakini mimi ni mzaliwa wa Dandora, na katika mambo niliyoyashuhudia huko lipo moja ambalo sijaona kalamu ikilipa haki yake, nalo ni jinsi watoto wengi wa rika langu, na wa rika lililofuata, walivyoingia katika maarifa ya kompyuta. Hawakuingia kwa njia ya shule, kwani shule zilizobahatika kuwa na kompyuta zilikuwa nazo chache, zimefunikwa vitambaa na kufungiwa chumbani zisiguswe. Waliingia kwa njia ya gemu, na hasa kwa sababu ya kifaa kidogo cha plastiki nyeusi kisichojaza kiganja, chenye waya mfupi upande mmoja na matundu mawili upande wa pili, ambacho kiliiwezesha padi ya PlayStation kutumika katika kompyuta.

Dandora yenyewe ni mtaa ulioanzishwa kwa makusudi ukiwa haujakamilika. Mwaka wa 1975 Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilipatana kufungua viwanja 6,000 hivi mashariki ya jiji, na aliyepewa kiwanja hakupewa nyumba: alipewa ardhi iliyopimwa, maji ya bomba, choo na bafu, na pengine jiko, kisha akaambiwa ajenge vyumba vilivyobaki kadiri ya uwezo wake. Ndiyo maana nyumba zetu nyingi zina ua katikati na vyumba vilivyoongezwa pande zote, kila kimoja na umri wake na tofali zake. Bibi mmoja aliyekuwa miongoni mwa wapewa viwanja hao, ambaye majirani wote walimwita Shosho kwa heshima ya umri wake, alijenga vyake kimoja kimoja kwa faida ya kuuza mboga, akapangisha vya ndani, na kile kinachotazama barabara akakifanya nyumba ya gemu. Palikuwa na televisheni mbili za Great Wall, PlayStation 2 mbili, mabenchi ya mbao, na pazia la leso mlangoni la kuzuia jua lisipige kioo. Mchezo ulilipiwa shilingi kumi, na amri za nyumba hazikuhitaji kuandikwa ukutani: asiingie mtoto mwenye sare saa za masomo, na asitukanwe mtu kwa kufungwa mabao.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikingoja matokeo, na Shosho akaniweka niwe msimamizi, nipokee fedha, niangalie saa, na nihakikishe kwamba aliyeshindwa haipigi padi chini kwa hasira. Katika kazi hiyo nilijua mambo ya ndani ya PlayStation 2 kuliko nilivyojua somo lolote la shule. Mashine hiyo ilitolewa Ujapani mwezi wa Machi mwaka wa 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na hapana chombo kingine cha gemu cha sebuleni kilichopata kuuzwa zaidi ya hicho. Lakini ina kiungo kimoja dhaifu, nacho ni jicho la leza linalosoma sahani. Vumbi la Dandora, ambalo ni la barabara na la moshi wa jaa kwa pamoja, lilikuwa adui wa jicho hilo. Mashine ya kwanza ilianza kwa kukataa sahani zilizochubuka, ikafuata kukataa zilizo safi, mwisho ikawa hairuhusu mchezo wowote kuanza. Na ya pili ikafuata njia ile ile kabla hatujamaliza kusikitikia ya kwanza. Fundi wa jirani alituambia bei ya jicho jipya, na bei hiyo ilikaribia bei ya mashine iliyokwisha kutumika. Shosho akanyamaza. Watoto wakawa wanapita mlangoni, wanachungulia, wanaendelea na safari yao.

Kilichonikera zaidi ni zile padi. Zilikuwa nzima. Mpira wa vitufe vyake ulikuwa bado na nguvu, vijiti vyake havikulegea, na nyaya zake, ambazo nilikuwa nimezifunga utepe pale zinapoingilia plastiki, hazikuwa na mkato hata mmoja. Padi ile ya pili ya PlayStation, aliyezoea kuishika aijua vizuri: ni nyepesi bila ya kuwa rahisi, pembe zake mbili hutua viganjani, na maumbo ya pembetatu, duara, msalaba na mraba hayahitaji kutazamwa, kwa kuwa kidole gumba huyajua chenyewe. Kuiona imelala sandukuni, haina kasoro, eti kwa kuwa mashine iliyokuwa ikiitumikia imeharibika, lilikuwa jambo ambalo moyo wangu ulikataa kulikubali, ingawa wakati huo sikuwa na hoja ya kulipinga.

Siku hizo mwanawe Shosho, aliyekuwa mlinzi katika jengo la ofisi mjini, alileta kompyuta ambayo ofisi ile iliiuza kwa bei ya chini baada ya kununua mpya: mtambo wa Pentium 4 na skrini yake nzito ya mtindo wa zamani. Kijana mmoja wa mtaani akatutilia ndani yake Pro Evolution Soccer 6, gemu ya kandanda iliyotoka mwaka wa 2006, na tukadhani kwamba taabu imekwisha. Haikuisha. Watoto wawili walilazimika kugawana kibodi moja, huyu upande wa mishale, yule upande wa herufi, mabega yakigongana na viwiko vikisukumana. Na lililo baya zaidi ni kwamba kibodi za kawaida hazikuundwa zipokee vitufe vingi kwa mara moja. Ndani yake nyaya zimepangwa kwa safu zinazokatana, na vitufe fulani vitatu au vinne vikishikwa pamoja, kimojawapo hupotea kisisomwe. Kwa mwandishi wa barua hilo si neno. Lakini kwa mtoto anayemkimbiza mshambuliaji pembeni, ameshika mshale wa juu na wa kulia pamoja na kitufe cha mbio, ilhali mpinzani wake naye ameshika vyake, ni dhuluma iliyo wazi, kwa sababu mchezaji wake husimama ghafula katikati ya uwanja na hapana mtu wa kulaumiwa. Nilisuluhisha ugomvi mwingi sana kwa ajili hiyo, na kila upande ulikuwa na haki.

Ndipo Shosho alipoitoa fedha ndani ya kifundo cha leso, akaniambia, "Mwanangu, nenda mjini uulize. Hawa watu wa vyombo hawawezi kukosa njia."

Aliyefika Luthuli Avenue anaijua ilivyo: spika zimepangwa mpaka katikati ya njia, kila duka linapiga wimbo wake, na juu, ngazi ukishazipanda, vibanda vya mafundi vimegawanywa kwa vioo na mbao, kila kimoja upana wa meza yake. Nilimpata fundi mmoja mtu mzima, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi, nikamtolea padi mbili mezani na kumwamkia. Hakuuliza padi zinatoka wapi. Alizigeuza, akabonyeza vitufe kwa zamu, akasikiliza. "Kijana wangu," akasema, "hizi hazina ugonjwa wowote. Hazijui kusemezana na kompyuta, basi. Tutazipatia mkalimani." Akavuta kutoka nyuma yake pakiti ya adapta ile ya matundu mawili, na aliponiona naitazama kwa shaka, akafanya jambo ambalo mpaka leo namwombea heri kwa ajili yake: akatoa nyingine, iliyorudishwa na mteja, akafungua skrubu na kunionyesha tumbo lake.

Palikuwa na kibao cha kijani kibichi. Upande mmoja vililehemiwa vituo viwili vya kuchomekea padi. Katikati palikuwa na tone gumu jeusi la gundi, ambalo chini yake imelala chipu isiyoonekana. Kando ya tone hilo palikuwa na kikopo kidogo cha rangi ya fedha chenye kipande cha kwatzi, nacho ndicho kinachotoa mpigo wa saa. Kisha nyaya nne, nyekundu, nyeupe, ya kijani na nyeusi, zikitoka kuelekea USB. Hapana zaidi. Nilitarajia msitu wa vitu, nikaona uwanja karibu mtupu.

Mengi katika nitakayoyaeleza sasa niliyaelewa baadaye, kwa kusoma na kwa kuuliza, lakini mbegu yake ilipandwa kwenye meza ile. Plagi ya padi ya PlayStation ina pini 9: moja hupeleka maswali, moja hurudisha majibu, moja huleta mpigo wa saa, moja humwita mwenye zamu, moja huthibitisha kwamba neno limefika, na zilizobaki ni za umeme, isipokuwa moja isiyo na kazi. USB, mfumo ambao kampuni za kompyuta ziliutangaza mwaka wa 1996, hutaka nyaya 4 tu, mbili za umeme wa volti 5 na mbili za habari. Padi nayo haisemi neno ila imeulizwa. Mashine huiuliza mara nyingi katika kila sekunde, nayo hujibu kwanza kwa kujitambulisha kuwa ni ya aina gani, kisha hutoa hali ya vitufe vyake vyote, biti moja kwa kila kitufe. Na katika habari hiyo lililonistaajabisha ni kwamba kitufe kisichoguswa hujibu moja, na kilichobonyezwa ndicho kinachojibu sifuri. Vijiti viwili vya vidole gumba hutoa hesabu kuanzia 0 hadi 255, na vikiachwa katikati hukaa karibu na 128. Chipu iliyo chini ya tone lile huuliza maswali yale yale ambayo PlayStation ingeuliza, kwa mpangilio ule ule, hata padi isipate njia ya kujua kwamba imehamishwa. Ikisha kupata jibu hulipanga upya kwa mtindo wa kijiti cha kuchezea ambao Windows huutambua pasipo kufundishwa, na kulikabidhi kila inapoombwa.

Vipo vilivyopotea njiani, na ni haki kuvitaja. Mota za kutetemesha, ambazo katika mashine yao ya asili zilipewa zaidi ya volti 7, hapa zilipata zile 5 za USB, nazo zikatetemeka kwa unyonge, na bila ya programu iliyokuja katika kisahani kidogo hazikutetemeka kabisa. Vitufe vya padi ya PlayStation 2, vilivyoweza kupima vimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, vilishushwa cheo vikabaki na mawili ya kusema, ndiyo na la. Katika kandanda hasara hiyo haikuonekana, maana nguvu ya shuti hupimwa kwa muda wa kushika na si kwa uzito wa kidole. Katika gemu za magari ilionekana.

Nilirudi Dandora jioni, chumba kikajaa. Nikachomeka, Windows ikatoa mlio wake wa kukaribisha kifaa, na nikaandika joy.cpl kama nilivyoelekezwa. Likafunguka dirisha dogo la majaribio: msalaba mwembamba ndani ya mraba, na chini yake duara nyekundu zenye namba. Nikabonyeza pembetatu, ikawaka namba 1. Duara ikawa 2, msalaba 3, mraba 4. Nikabonyeza L1, na badala ya 5 ikawaka 7, kwa kuwa aliyeitengeneza adapta ile alianza kuhesabu na L2 na R2. Mtoto wa darasa la sita aliyesimama begani kwangu akauliza kwa nini L1 isiwe 5. Nikamjibu kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyeamua hivyo. Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hivyo msalaba haukuwa wa kupiga pasi? Ni sisi tunauambia upige pasi?"

Ndivyo. Naye alikuwa amekifikia mwenyewe, kwa dakika chache na kwa shilingi zake kumi, kiini cha elimu yote hii. Kwenye PlayStation, msalaba ni pasi na mraba ni shuti, na mtoto hukuta mambo yakiwa hivyo kama anavyokuta jua likichomoza mashariki. Haulizi nani alipanga, kwa sababu hapana mahali pa kuuliza. Kwenye kompyuta ile hakuna kilichokuwa na maana mpaka tukipe. Ilitubidi tufungue programu ya mipangilio ya gemu, tuonyeshe kwamba namba 3 iwe pasi, 4 iwe shuti, 2 krosi, 8 mbio. Na tulipokosea, mlinda lango alikimbia mbele akiuacha wazi mlango wake, nasi tukarudi kuangalia ni namba ipi tuliyoikosesha mahali pake. Chombo cha gemu kilichofungwa kilitupa starehe, nami sikidharau kwa hilo. Lakini kompyuta, kwa sababu ya adapta ile, ilitutia katika jamaa ya wanaoamua.

Katika siku zilizofuata niliona watoto wakibadilika kwa namna ambayo mwalimu hodari angejivunia. Mtoto mmoja anayetumia mkono wa kushoto, ambaye kwa miaka alicheza kwa shida, aliomba tumpangie vitufe kwa mkono wake, tukampangia, akaanza kuwafunga waliokuwa wakimfunga. Wawili walikuja na daftari wakanakili jedwali la namba, upande huu umbo, upande huu kazi. Mwingine aligundua kwamba mipangilio huhifadhiwa katika faili, na kwamba faili hilo laweza kunakiliwa, likawekwa kando, likarudishwa baada ya mtu mwingine kuvuruga. Na hivyo akajifunza kuhifadhi nakala kabla hajasikia neno hilo kwa mtu yeyote.

Na ilikuwapo ile taa nyekundu. Katikati ya padi, chini ya jina la kampuni, kipo kitufe cha kuwasha vijiti, na taa yake ikizimika vijiti hunyamaza, padi ikabaki na mishale tu. Adapta nayo hubadili mazungumzo kwa kufuata taa hiyo: ikiwa imezimwa, mishale huitangazia kompyuta kuwa ndiyo usukani, ikiwashwa, usukani huwa ni kijiti cha kushoto, na mishale husomwa kwa jina jingine ambalo gemu nyingi za wakati ule hazikulisikiliza. Kwa hiyo mtoto alikuja analia kwamba padi imekufa, kumbe ni kidole chake kilichogusa taa wakati wa shangwe. Niliwazoesha wasiseme "imekufa" kabla ya kufuatilia njia tangu mwanzo: taa inawaka? plagi imekaa? duara zinawaka katika dirisha la majaribio? Ikiwa duara zinawaka, padi ni nzima na adapta ni nzima, basi tuitazame gemu. Mtoto aliyejua kuligawa tatizo hivyo alikuwa na silaha ambayo ingemfaa katika kila kazi, na naijua familia ambayo leo yala kwa kazi ya kutengeneza simu, iliyoanzia kwenye maswali hayo matatu.

Habari zikaenea, na zikaanza kutufikia padi nyingine. Nyingi zilitoka jaani, zimeokotwa na vijana wanaochambua taka kutafuta shaba, waya umekatwa ili uchomwe na plastiki ikaachwa. Tukalehemu waya mpya, tukafungua skrubu za nyuma, tukasafisha kwa spiriti ile ngozi nyembamba yenye michirizi ambayo vitufe huigonga, tukabadilishana vipande vya mpira kati ya padi iliyokufa vidole na padi iliyokufa waya. Za bandia zilijulikana kwa wepesi wake na kwa vijiti visivyorudi katikati, hata mchezaji akatembea peke yake uwanjani kuelekea kona. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka wa 2001, na bado linapokea taka. Kila padi iliyorudi mezani kwa Shosho ilikuwa padi moja isiyochomwa hewani tunayoivuta.

Isidhaniwe kwamba mambo yaliendelea kuwa mepesi. Mwaka wa 2005 Microsoft ilikuwa imetoa Xbox 360, na pamoja nayo ikaweka katika Windows kanuni mpya ya padi, XInput. Kanuni ya zamani, DirectInput, ilipokea padi za namna nyingi na vitufe vingi, ikamwachia mchezaji apange. Hii mpya ilitaka padi ya sura moja tu, sura ya Xbox. Nakiri kwamba ina manufaa yake, kwa kuwa mtu huchomeka na kucheza bila ya kuhangaika. Lakini gemu zilizokuja baadaye, moja baada ya moja, ziliacha kuisikiliza ile ya zamani, na padi ambayo jana ilikuwa nzima ikawa leo haisomwi, wala hapana kilichoharibika ndani yake hata punje. Mkasa ule wa jicho la leza ulitokana na vumbi. Huu ulitokana na uamuzi wa watu waliokaa mezani. Vijana wetu walilijua hilo, nao hawakukata tamaa, wakaitafuta x360ce, programu ndogo inayowekwa kando ya gemu, ambayo huisoma padi ya zamani na kuinadi mbele ya gemu kuwa ni padi ya Xbox. Wakazipanga namba upya, safari hii kwa lugha ya A, B, X na Y. Wakaona pia mpaka wake: kwenye Xbox vichochezi viwili vya nyuma hupimika kidogo kidogo, na kwetu L2 na R2 zilijua ndiyo na la tu, kwa hiyo gari liliruka kwa kasi yote au likasimama.

Sasa nifikie lawama, kwa sababu ipo, na wazazi walioileta mlangoni kwa Shosho hawakuwa wajinga. Walisema kwamba gemu hula muda na nauli na pengine fedha ya unga, na kwamba mtoto aliyezama humo hasikii akiitwa. Ni kweli, nimewaona. Ndiyo sababu amri ile ya sare ilishikwa bila ya huruma, na Shosho aliwahi kuuzima umeme wa chumba kizima kwa ajili ya mtoto mmoja. Lakini hukumu isichanganye mambo. Kijana aliyeketi mbele ya kioo akitazama mambo yaliyokwisha kuamuliwa na wengine, na kijana aliyeketi mbele ya kioo akiyapanga, kwa nje wanafanana, na kwa ndani wameachana mbali sana. Mwaka wa 2007 Mkenya Wesley Kirinya, akiwa bado kijana, alitoa The Adventures of Nyangi, gemu aliyoiunda hapa kwetu kwa ajili ya kompyuta. Hakuweza kufanya hivyo kwa kukodolea macho PlayStation, maana mashine ile haimpi mwenye nayo njia rahisi ya kuitungia kitu. Na kwa upande wa uchezaji wenyewe, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka wa 2018 kwa ustadi wake katika Tekken. Mzazi atakayesema kwamba hapo hapana riziki wala maarifa, namwomba atazame tena.

Leo nyumba za gemu za Eastlands, yaani mitaa yetu ya mashariki, zina PlayStation 4 na televisheni bapa, na padi yake huingia katika kompyuta kwa waya wa USB moja kwa moja, pasipo adapta. Kwa starehe ni hatua mbele. Lakini kompyuta nazo zimetoweka katika nyumba hizo, na mtoto amerudi kwenye chombo kilichofungwa, au ameinamia simu ambayo imefungwa zaidi. Shule zimepata vifaa: mpango wa serikali ulioanza mwaka wa 2016 uligawa zaidi ya vifaa milioni moja kwa wanafunzi wa madarasa ya chini, na mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu. Hayo ni mema, nami nayashangilia. Ila nimemwona mwalimu akieleza ubaoni kiingizo ni nini na kitokeo ni nini, watoto wakinakili na kusinzia, ilhali dirisha lile la duara nyekundu lingewaeleza kabla ya kengele kulia.

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba za gemu waweke kompyuta moja ya zamani katika pembe moja, hata kama haileti faida kama ya PlayStation, na walimu wa somo hilo wasione haya kuingia na padi darasani. Na wewe msomaji, kama unayo padi ya PlayStation iliyolala sandukuni kwa sababu mashine yake ilikufa, usimpe mnunuzi wa chuma chakavu. Inunulie adapta, uitie pamoja na kompyuta ile ambayo ofisi yako imeiweka stoo, umpe mtoto wa jirani. Mwonyeshe pa kuchomeka, mfungulie dirisha la majaribio, kisha umwachie apange vitufe yeye mwenyewe.